Ndege ya Kumi na Sita

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya hoteli, chini ya jiko na chini ya maegesho ya magari, na mpiga pasi alijua saa kwa mashuka yaliyoteremka. Saa mbili asubuhi yaliteremka ya ghorofa ya kwanza, ya watu wenye haraka zao, karibu hayana mikunjo. Saa nne yaliteremka ya ghorofa ya tano, ya maharusi, na hayo yalitaka mvuke mara mbili. Saa sita yaliteremka ya wazee wa ghorofa ya pili, yamejaa makombo ya biskuti. Baada ya hapo alikula, akanawa mikono, akaendelea.

Mashine ya pasi ilikuwa ndefu kuliko kitanda. Shuka liliingia upande mmoja lina unyevu, likatokea upande wa pili kavu na la moto, na hapo walihitajika watu wawili. Mmoja hushika ncha mbili, mwenzake ncha mbili, wakarudi nyuma mpaka shuka likakaza, halafu wakasogeleana ncha kwa ncha, vidole kwa vidole. Wakaachana, wakakaza, wakasogeleana tena. Wenzake walifundishwa kazi hiyo hotelini. Yeye alifundishwa na mama yake uani, akiwa bado mfupi hata ncha zake zikaburura vumbi, na mama akamwambia apande juu ya ndoo.

Mambo ya alama za safari za ndege alifundishwa na dereva wa hoteli, mtu mzima mwenye kitambi na kadi tatu za mashirika ya ndege, ambazo aliziweka kwenye pochi mahali ambapo wengine huweka picha za watoto. Siku moja alikuja kunywa chai chumba cha kufulia, kwa sababu ya joto, akamuuliza kwao huwa anaendaje.

"Naenda moja kwa moja," mpiga pasi alisema. "Ndege moja."

Dereva akaweka kikombe chini. "Ndege moja? Dada yangu, hiyo ni alama moja. Moja! Mimi nikienda kwetu napitia viwanja vitatu. Kwenda ndege nne, kurudi ndege nne. Tuna likizo mbili kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe."

"Kumi na sita."

"Kumi na sita ndani ya mwaka mmoja ndiyo kadi ya dhahabu. Mwenye dhahabu hapangi foleni. Ana sebule yake kila kiwanja, ina makochi. Na mara moja kwa mwaka anapanda na mwenzake bure."

"Likizo ni siku kumi. Nyumbani unakaa siku ngapi?"

"Siku nne," dereva alisema, akachukua tena kikombe. "Lakini siku nne za mtu mwenye dhahabu."

Mpiga pasi hakuwa mtu wa makuu. Hata hivyo neno moja lilimkaa kichwani, nalo ni lile la mwenzake. Mama yake alikuwa hajapanda ndege hata siku moja, na miguu yake ilikuwa imemgomea. Foleni hakuiweza tena, hata ya zahanati. Kwenye simu alizoea kuuliza maswali ya ndege kama mtu anayeulizia jirani: huko juu wanaleta chai, sawa, lakini nani anaichemsha, na anaichemshia wapi? Mpiga pasi alitaka mama aende akajionee mwenyewe nani anachemsha. Alitaka amlete mpaka kwenye ile mashine ndefu kuliko kitanda, washike shuka moja, wakunje, mama aseme kama wamefundishwa vizuri au la.

Basi mwaka ule akaanza kuzunguka. Likizo ya kwanza alipitia viwanja vitatu kwenda na vitatu kurudi, akakaa nyumbani siku nne, akapata alama nane. Mama alimpapasa uso akasema, "Umekuja au umepita?"

"Nimekuja, mama."

"Haya. We mtoto, mletee dada yako kiti, asije akaondoka amesimama."

We mtoto alikuwa mdogo wake, kitindamimba, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda. Mama peke yake ndiye aliyemwita we mtoto, tangu anazaliwa mpaka sasa ana miaka ishirini na tisa na mgongo wa kumbeba mama kutoka kitandani hadi uani. Alimbeba asubuhi, akambeba jioni. Alimwosha, alimgeuza, alimkata kucha. Alifanya hivyo miaka mitatu, na katika miaka hiyo mpiga pasi alituma mafuta ya kuchua miguu.

Juma moja kabla ya likizo ya pili Kitinda alipiga simu. Mama alikuwa ameacha kula.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Ananiangalia tu. Njoo, dada."

Ndege ya moja kwa moja ilikuwepo siku hiyohiyo mchana, na ilikuwa na nafasi. Mpiga pasi alisimama kwenye ngazi za nyuma za hoteli, akiwa bado na aproni, akamuuliza dereva. Dereva alikuna kidevu. Alisema kwa kweli yeye hawezi kumwamulia mtu mambo ya mama yake, ila ajue tu kwamba akibadilisha tiketi, alama nne za kwenda zinageuka moja, na mwaka huu hautamtosha tena. Mpiga pasi akaomba aongee na mama mwenyewe. Kitinda akambeba mama mpaka nje penye mtandao, akamwekea simu sikioni.

"Zunguka tu, mwanangu," mama alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sina pa kwenda."

Naye akangoja likizo yake ifike, akazunguka.

Uwanja wa pili katika vile vitatu ulikuwa mkubwa, wenye sakafu inayong'aa na maduka ya manukato. Alikuwa na saa tano za kungoja. Saa tisa alasiri Kitinda alipiga simu. Nyumbani kwao mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya choo, kwa hiyo ili kuuliza dada amefika wapi ilimbidi atoke, azunguke nyumba, apande juu ya jiwe. Waliongea dakika kumi na moja. Kitinda aliuliza kiwanja kikoje, na mpiga pasi, kwa kuwa alikuwa peke yake tangu jana yake na alifurahi kusikia sauti, alimweleza yote: ngazi zinazotembea, mwanamke mwenye mbwa ndani ya mkoba, sebule ya wenye dhahabu yenye mlango wa kioo na makochi ya rangi ya maziwa. Kitinda alicheka lile la mbwa. Kisha akasema ngoja nirudi ndani. Aliporudi ndani, mama alikuwa amekufa, na mto wake bado ulikuwa na joto.

Mpiga pasi alifika baada ya siku mbili. Kila kitu kilikuwa kimekwisha na vyombo vimerudishwa kwa majirani. Akakaa siku zake nne. Wakati wa kurudi kazini, uwanja wa kwanza ulikuwa na ukungu, ndege ikafutwa, na watu wa shirika wakamwomba radhi sana wakampandisha ndege ya moja kwa moja. Mwaka ule uliishia kwenye alama kumi na tatu. Januari ilipoingia zikafutwa zote, akaanza sifuri, kama wenzake wote.

Likizo iliyofuata alizunguka tena. Alikuwa hajui kwa nini anazunguka, ila tiketi alishazoea kuzikata hivyo. Kwenye uwanja wa pili, akipita karibu na sebule ya wenye dhahabu kutafuta maji ya kunywa, alimwona mama yake amekaa ndani kwenye kochi.

Alikuwa amevaa gauni lake la maua, miguu peku, mkononi kikombe. Alikuwa akikitazama kile kikombe kwa chini, kama mtu anayetafuta jina la kiwanda.

Mpiga pasi akaenda mlangoni. Palikuwa na mpokezi mwenye skafu iliyofungwa vizuri.

"Karibu. Kadi yako?"

"Yule pale ni mama yangu."

Mpokezi akageuka akamtazama mama, akamrudia mpiga pasi. "Mmefanana paji la uso," alisema. "Kadi yako?"

"Sina. Nina alama mbili za mwaka huu."

"Zikifika kumi na sita utakaribishwa, dada."

"Ameingiaje humo?"

"Hufika tu. Mwanzo walikuwa wanakaa huku nje, lakini viti vya nje vina vyuma katikati, mtu hawezi kujinyoosha. Uongozi ukaona ni vizuri wakae humu. Hawana fujo."

Mpiga pasi akasimama pembeni, mahali asipozuia wapitao. Ndani walikuwemo wengi. Mzee mmoja alikuwa akicheza drafti na nafsi yake. Bibi mmoja alikuwa amelala, mdomo wazi. Mwanamume mwenye suti aliingia, akaonyesha kadi bila kumtazama mpokezi, akaenda kukaa karibu na mwanamke aliyevaa nguo za kulalia za hospitali. Akachomeka simu yake kwenye umeme. Yule mwanamke akamtengeneza kola ya shati. Mwanamume aliendelea kusoma simu mpaka ilipojaa, akaichomoa, akaondoka. Mfagiaji wa sebule naye alikuwa na mwanawe humo, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, na alifagia mbele ya kiti chake mara nyingi kuliko mahali pengine. Kukaa hakuruhusiwa, kwa kuwa mfanyakazi hakai.

Mama aliinua macho akamwona. Akainua kikombe juu, akakigonga kwa kidole, akatikisa kichwa. Bado hakuwa amejua nani anachemsha.

Nyumbani alimkuta Kitinda uani anaanua mashuka. Alikuwa amepigilia msumari kwenye nguzo ya kamba. Alichomeka ncha moja ya shuka kwenye msumari, akarudi nyuma na ncha nyingine mpaka likakaza, akaiendea ile ya msumarini, akaichomoa, akachomeka upya. Mpiga pasi alisubiri amalize shuka lile, ndipo akamwambia.

Kitinda hakushtuka. Aliuliza, "Amevaa nini?"

"Gauni la maua."

"Ndilo nililomvalisha. Viatu?"

"Hana."

"Na humo kuna baridi?"

"Ya mashine. Kali."

Kitinda akaingia ndani, akatoka na sweta la mama la kahawia na jozi ya soksi, akaviweka juu ya begi la dada yake. Kisha akasimama ameshika kiuno.

"Mimi nimembeba miaka mitatu," alisema. "Namjua kila kidonda cha mgongoni. Wewe umembeba mara ngapi?"

Mpiga pasi akazikunja zile soksi pamoja.

"Halafu anakwenda kukaa kwenye njia yako wewe."

"Sikumwita, Kitinda."

"Najua hukumwita. Shika huko."

Alimrushia ncha za shuka. Wakakunja mashuka yote yaliyobaki, wakirudi nyuma na kusogeleana, na kila waliposogeleana Kitinda alitazama kando. Kwenye la mwisho hakutazama kando.

"Ukipata hiyo kadi muulize mambo mawili. Muulize ufunguo wa kasha uko wapi, karatasi yangu ya kuzaliwa imo humo na siwezi kuomba pasipoti bila hiyo. Umesema dhahabu inachukua na mwenzako mmoja."

"Inachukua."

"Basi. Na la pili." Alikuwa ameshika ncha zote nne sasa, shuka limekuwa dogo kama mto. "Siku ile nilikuwa juu ya jiwe, naongea na wewe. Muulize kama aliniita."

Kwenda na kurudi zilikuwa ndege nane. Zilibaki nane. Dereva, ambaye siku hizi alikuwa mpole kwake na hakumaliza chai yake, alimchorea njia ya likizo ya pili nyuma ya orodha ya foronya. Kama angekwenda nyumbani kama kawaida, ndege ya kumi na sita ingemshusha kazini, na huko mama hayupo. Ilitakiwa ile ya kumi na sita imshushe uwanja wa pili. Ili iwe hivyo, ilibidi ndege zote nane zizunguke viwanja vile vitatu, kwenda na kurudi, siku nane, na siku mbili za mwisho arudi kazini kwa njia ndefu, kwa kuwa ndiyo tiketi aliyoiweza.

"Na nyumbani?" mpiga pasi aliuliza.

Dereva akageuza karatasi upande huu na upande ule. "Nyumbani unapita," alisema. "Hii ya kurudia inapita juu yake kabisa. Sema haitui."

Akampigia Kitinda kumweleza. Kitinda alimsikiliza akiwa juu ya jiwe lake.

"Inapita saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, siku ya tisa."

"Nitaanika shuka jeupe," Kitinda alisema. "Lile kubwa. Ukae dirishani."

Siku nane mpiga pasi aliishi angani na kwenye viti vya vyuma. Alioga kwa kitambaa kwenye masinki. Wahudumu wa ndege walianza kumsalimu kama jirani wa mtaani, na mmoja akamwonyesha mtungi wa kuchemshia maji ulio nyuma ya pazia, karibu na choo. Sweta na soksi alivibeba mkononi muda wote. Mara tatu alipita mbele ya kile kioo, na mara tatu mama alimhesabia kwa vidole kutoka ndani ngapi zimebaki. Mama hakuwahi kukosea hesabu.

Ndege ya kumi na sita ilitua uwanja wa pili saa mbili asubuhi. Kabla hajafika mlangoni simu yake ilitikisika, ikamwambia hongera. Mpokezi alikuwa yuleyule. Akampa kadi kwa mikono miwili.

"Karibu sana. Vitu vya marehemu vinaruhusiwa, ila visiwe na kemikali."

Mama alijisogeza kochini akampisha. Hawakukumbatiana, kwao hawakuwa watu wa hivyo. Mpiga pasi alipiga magoti akamvisha soksi, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Miguu ilikuwa ya baridi kama vyuma vya kitanda alfajiri. Akamvisha sweta. Mama akajitazama mikono.

"Kalifua yule mtoto?"

"Amelifua."

"Amelipiga na pasi pia. Sweta halipigwi pasi, nimemwambia mara ngapi?" Akavuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole. "Yeye hajambo?"

"Hajambo. Mama, mbona umekaa hapa?"

"Nilikuja kukupokea. Nilisikia mnaongea, umefika kiwanja chenye ngazi zinazotembea, nikasema basi amekaribia, nikamchukue. Nikatembea na miguu yangu hii. Nafika, wanafunga mlango wa ndege yako." Alisema hivyo bila lawama, kama anavyosema mtu aliyekuta duka limefungwa. "Nikasema kama ni njia yake, atarudi kupita. Haya niambie, chai wanaichemshia wapi?"

"Nyuma, karibu na choo. Kuna mtungi wa umeme."

"Karibu na choo!" Mama akaweka kikombe mezani akakisukuma mbali.

Mpiga pasi alikuwa na saa nne. Aliuliza lile la kwanza, la ufunguo. Mama akajibu ufunguo wa kasha umefungwa kwenye ncha ya shuka la bluu, pale pale siku zote, na kama wangekuwa wanakunja vizuri wangeugusa. Lile la pili alichelewa kulisema. Kwanza alichukua blanketi la sebule lililokuwa mgongoni mwa kochi, zuri, la sufu, limetupwa hovyo. Mama akaliona naye.

"Shika huko," mama alisema.

Mama akasimama. Miguu haikumsumbua. Wakarudi nyuma, kila mmoja na ncha zake, mpaka likakaza, na wageni wa dhahabu wakavuta mabegi yao kuwapisha. Wakasogeleana. Vidole vya mama vikagusa vyake vikachukua ncha. Wakaachana, wakasogeleana. Blanketi lilipokuwa dogo kabisa wakabaki wamesimama uso kwa uso, halafu mama akalikung'uta likafunguka lote, akasema halikunyooka. Wakaanza upya. Walilikunja mara thelathini na moja. Mfagiaji alisimama na ufagio wake akiwatazama, mpaka mpokezi akakohoa, akaendelea kufagia.

Kwenye mara ya thelathini na moja, vidole vikiwa vimegusana, mpiga pasi aliuliza.

"Mama, siku ile Kitinda alikuwa nje. Ulimwita?"

"Niliita, ndiyo."

"Ulimwita Kitinda?"

"Nilikuita wewe." Mama alimshangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo linalojulikana. "Yule mtoto yupo kila siku. Mtu aliyepo unamwitia nini?"

Wakatangaza ndege. Mpiga pasi alikwenda kwa mpokezi kuuliza kama ile tiketi ya mwenzake inaweza kumpeleka mama nyumbani. Mpokezi alisoma karatasi ya masharti kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa nia njema kabisa. Mwenzake lazima awe na pasipoti yenye miezi sita mbele. Mama akasema yeye asisumbuliwe, hapa ameshazoea, ila safari ijayo aletewe viatu vya wazi, soksi hizi zinateleza kwenye sakafu yao. Akakaa. Akaliweka blanketi mapajani, limekunjwa vizuri sana.

Mpiga pasi alimpigia Kitinda akiwa kwenye foleni ya wasiopanga foleni, ambayo haikuwa na mtu mwingine.

"Soksi zimemtosha," alisema. "Sweta amelilalamikia, eti umelipiga pasi."

Kitinda akacheka, na ikasikika kwamba amefuta pua. "Ufunguo?"

"Ncha ya shuka la bluu."

"Ah, mama huyu! Nimelifua mara mia." Kisha akasema, "Ofisi ya pasipoti wanasema miezi minane, ukishapeleka karatasi."

"Kadi inakufa Desemba."

"Desemba hii?"

"Hii. Januari naanza sifuri."

"Haya," Kitinda alisema. Upepo ulipita kwenye simu. "Na lile lingine?"

Abiria mmoja wa foleni ya pili alikuwa akimwonyesha mhudumu mkoba wake. Mpiga pasi alimtazama mpaka akamaliza.

"Alikuita," alisema.

"Aliniita?"

"Alikuita jina lako. Kitinda, Kitinda. Mara mbili."

Mhudumu alimwashiria mpiga pasi asogee, akasogea.

"Jina langu," Kitinda alisema.

"Ndiyo."

"Basi alikuwa mgonjwa kweli." Sauti yake haikuwa na hasira. "Asante, dada. Kesho usilale, saa nne asubuhi unapita."

Mwenye dhahabu hupewa kiti cha dirishani, na kiti cha pembeni yake huachwa wazi. Kesho yake saa nne asubuhi mawingu yalikuwa machache. Mpiga pasi aliweka paji la uso kwenye kioo. Aliuona mto, akaiona barabara, akayaona mabati ya shule aliyoiacha akiwa darasa la tano. Kisha akauona ua wao, mdogo kama muhuri, na ndani yake kitu cheupe chenye pembe nne. Upande mmoja kilishikwa na msumari. Upande wa pili kilishikwa na Kitinda, na ingawa mtu haonekani kutoka juu kiasi kile, mpiga pasi aliona kwamba ametazama juu.

Ndege haikupunguza mwendo. Kile cheupe kilibaki wazi kwa muda. Kisha kikawa nusu, na baada ya hapo nusu ya nusu. Kwenye mkunjo wa tatu likaingia wingu.

Mhudumu alikuja na kikombe na karatasi. Karatasi ilimshukuru mteja wa dhahabu, ikamkumbusha kwamba alama zote hufutwa mwisho wa mwaka, na ikamtakia safari nyingi. Nyuma yake palikuwa peupe. Mpiga pasi akaomba kalamu, akaandika: viatu vya wazi, namba thelathini na nane. Chini yake akachora viwanja vitatu na mishale ya kwenda na kurudi, akahesabu. Zilikuwa kumi na sita. Akahesabu tena siku zilizobaki kwa ajili ya nyumbani, na kwa kuwa hazikuwepo, hakuandika kitu.

Kisha akavua blanketi la ndege miguuni. Akatazama kiti cha pembeni. Akachomeka ncha moja kwenye kile kibanio cha meza, mgongoni mwa kiti cha mbele, akarudi nyuma kadiri kiti chake kilivyomruhusu, mpaka likakaza.